Gari ya Hajati Inachemkia Gihosha

Alhamisi, 2 Oktoba

Khadidja amechoka. Amesema kama siwezi kula bila kuzungumzia gari za watu, basi niziandike, yeye ale kwa amani. Kanitupia daftari la shule la binti yetu Aya la mwaka jana, nusu yake mito na maziwa ya Afrika. Haya, mke wangu, naandika. Mwanamume wa miaka hamsini na sita, fundi mkongwe wa magari wa Buyenzi, hapa Bujumbura, nimejifungia chumbani na daftari kama msichana aliyeposwa.

Gari yenyewe ni Corolla ya Hajati Miza, mwenye duka la vitenge. Inachemka. Mjini haina neno, hata Kibenga anakokaa inakwenda na kurudi bila shida. Inachemka ikipanda Gihosha tu. Mwezi wa nane Hajati kamwoza binti yake huko mlimani, na tangu hapo kila siku ni lazima apelekwe kumwona, utadhani binti kahamia Uchina. Sylvère, dereva wake, anasema wakifika kona ya tatu sindano ya joto inaingia kwenye nyekundu, mvuke unatoka, na Hajati anashuka kusimama kando ya barabara na mwavuli wake. Mwanamke aliyehiji mara mbili!

Nimefungua kapo, kile kifuniko cha mbele, nikasikiliza injini. Buyenzi nzima inajua: Thabit hatumii mashine, Thabit ana sikio. Nimefumba macho dakika nzima. (Kufumba macho hakusaidii kitu. Wateja wanapenda tu.) Kisha nikatangaza: radiateri imeziba.

Kesho naitoa. Kazi ya asubuhi moja.

Ijumaa, 3 Oktoba

Radiateri haikuziba. Nimeitoa, nikaimwagia maji upande huu, yakatoka yote upande ule. Safi kuliko sahani za mkahawa. Sikumwambia mtu. Nimeirudisha taratibu, nimevaa uso wa mtu aliyeondoa uchafu mwingi, nikaenda kuswali Ijumaa.

Baadaye tumeipandisha Gihosha kuijaribu. Kujaribu siku hizi si mchezo — esanse hakuna. Sylvère alikaa foleni ya stesheni ya mafuta siku mbili, akapata lita kumi, na hizo lita kumi ndizo roho yetu. Kona ya tatu: nyekundu. Mvuke. Hapo kwenye kona kuna mama anauza avoka. Alishanyanyua bidoni lake la maji kabla hatujasimama. Ametuzoea.

Jumamosi, 4 Oktoba

Leo nimefanya kitu kibaya. Wacha nikiandike haraka kabla sijakipamba.

Hajati alikuja mwenyewe garaji. Watu walikuwepo: Akilimali muuza vipuri, wateja watatu, na fundi wa jirani aliyejifanya anatafuta spana. Mbele yao wote Hajati akaniuliza ugonjwa wa gari yake ni nini. Miaka thelathini sijawahi kukosa jibu mbele za watu, na mdomo wangu, kwa mazoea yake, haukuningoja.

"Hajati, gari haina kosa," nikasikia nasema. "Dereva haangalii maji."

Sylvère alikuwa palepale, ameshika ndoo. Aliiweka ndoo chini polepole, basi.

Hajati alimgeukia. Kisha akasema kwa upole — na upole wake ndio unatisha — kwamba kama ni hivyo, mpwa wake Zayd ana leseni na hana kazi. Wiki hii nimalize kuitazama gari. Kama kweli ni dereva, Ijumaa baada ya swala Sylvère alete ufunguo. Miaka tisa amemwendesha! Ana watoto wanne, wa mwisho hajaota meno. Na mimi nikatikisa kichwa, nimejaa huzuni ya mtu anayelazimika kusema kweli.

Hajati alipoondoka, Akilimali akanipiga begani, akasema sikio hilo, Thabit, sikio hilo. Na mimi nilifurahi. Kwa kama dakika moja, nilifurahi! Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Jumapili, 5 Oktoba

Khadidja kaniuliza kama niliona kwa macho yangu maji yamepungua. Nimemwambia hayo ni mambo ya kitaalamu.

Kasema, "Kumbe hukuona."

Nikaomba chumvi.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeamua ni pompa ya maji. Nimeamua, sikugundua. Lakini hesabu yangu ilikuwa nzuri: ikiwa ni pompa, nitamwambia Hajati nimeona jambo jipya, Sylvère abaki na kazi yake, na mimi nibaki na sikio langu. Kila mtu na chake. Nimeibadilisha. Ya zamani ilikuwa nzima kabisa, ningeweza kuiuza. Tumepanda. Kona ya tatu, nyekundu. Mama wa avoka ameniuliza kama tunalipwa kwa kumtembelea.

Sylvère kanisaidia kutwa nzima. Kanifungulia bolti zilizoshika kutu, kaniletea chai na kitumbua. Angenitukana ingekuwa nafuu. Nilipoinama kwenye kopo la maji ya akiba nikaona mstari wa kalamu ya bluu. Nikamuuliza ni nini. Kasema kauchora yeye, tangu gari ilipofika. Kila asubuhi kabla ya kuwasha anatazama maji yalingane na mstari. Nikatazama. Yalikuwa sawasawa na mstari.

Kwa hiyo sasa najua kwa macho yangu. Mtu huyu hana kosa, na aliyemtwika kosa ni mimi. Unafikiri nilimwambia nini? Nilimwambia vizuri, endelea hivyohivyo. Endelea! Na Ijumaa hana kazi.

Jumanne, 7 Oktoba

Jwenti ya kulasi. Ile inayokaa kati ya kichwa cha injini na tumbo lake; ikiungua, maji na moshi vinachanganyika. Nimejaza radiateri, nimewasha, nimetafuta mapovu. Hakuna povu hata moja. Oili safi, haijageuka rangi ya maziwa. Feni inazunguka. Kifuniko cha radiateri ni kipya.

Mvua imenyesha. Nimesikiliza injini robo saa nzima, na nilichosikia ni Akilimali akitafuna karanga.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimejua. Heri nisingejua.

Zilibaki lita tatu. Tumepanda. Kona ya tatu, nyekundu, mama wa avoka na bidoni lake. Nimefungua kapo kwa hasira nikaukamata mpira wa chini wa radiateri kwa mkono mtupu. Nilisema na uniunguze basi, nastahili. Haukuniunguza. Vuguvugu! Maji ya kuogesha mtoto. Injini inachemka, na radiateri pembeni yake imepoa, inakaa tu. Maana yake nini? Maana yake maji ya moto hayaendi kwenye radiateri kupoa. Yanarudi ndani ya injini yakiwa moto vilevile, kwa njia ya mkato. Nimesimama hapo nimeushika ule mpira, mpaka mama wa avoka akauliza kama napima mapigo ya moyo.

Njia ya mkato inafungwa na kalorstati, vipi hasa sijui. Ni kimlango kidogo, kimo cha kikombe cha kahawa, ndicho kinachoongoza maji ya injini. Na gari hii haina kalorstati. Najua haina, kwa sababu niliitoa mimi. Kwa mikono hii, miaka miwili iliyopita, wiki ileile gari ilipofika kutoka bandarini.

Buyenzi wote tunafanya hivyo. Gari mpya ikifika, kabla ya kitu kingine, toa kalorstati. Hiyo ni ya nchi za theluji, tunasema, ya kupasha injini moto asubuhi. Hapa Bujumbura nani anatafuta joto? Wateja wenyewe wanadai. Fundi, umeitoa? wanauliza, kama mtu anayeuliza mtoto ametahiriwa. Nusu ya mafundi wa mtaa huu nimewafundisha mimi. Nina debe zima la kalorstati chini ya meza ya garaji. Nilikuwa nawaonyesha wageni! Kwa majivuno!

Na mjini kwenye tambarare gari zilikwenda, ndiyo maana hakuna aliyeuliza. Hata hii ya Hajati ilikwenda miaka miwili, mpaka binti alipopata mume wa mlimani.

Nyani haoni kundule. Mi nimeliona leo, saa tano asubuhi, Gihosha, mbele ya muuza avoka. Sylvère aliniuliza nimeona nini. Nikasema bado nachunguza.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimenunua kalorstati kwa Akilimali, kwa siri. Nimemwambia ni ya mzungu mmoja, wazungu wana mambo yao. Kacheka sana. Kasema hajauza hata moja tangu afungue duka, akalifuta boksi vumbi kwa shati lake.

Kabla ya kuifunga nimeileta nyumbani, nikaichemsha kwenye sufuria ya chai ya Khadidja nione inavyofanya kazi. Fundi wa miaka thelathini kazini nimepiga magoti mbele ya jiko la mkaa, natazama kitu nilichokitoa kwenye gari mia mbili. Maji yalipopata moto, sahani ya juu ikafunguka. Hiyo naijua, ndiyo njia ya kwenda kwenye radiateri. Lakini chini yake kuna sahani ya pili, ndogo. Ikashuka taratibu, ikasimama. Hiyo ndiyo inayoziba njia ya mkato! Ukitoa kalorstati, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na maji ni mavivu kama sisi. Kwenye tambarare, yale machache yanayopita kwenye radiateri yanatosha. Mlimani hayatoshi. Sahani ya pili. Nimeishika mara mia mbili, sijawahi kujiuliza ni ya nini.

Khadidja kaitazama sufuria yake, kanitazama mimi. Kauliza ni gari ngapi. Nikasema hii moja.

"Baba Tahani," akasema. Akiniita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, sina pa kukimbilia.

Nikasema mia mbili. Labda na zaidi.

Na Rénovat wa Kamenge je? Injini yake iliungua akipanda Bugarama mwaka juzi. Kalorstati yake niliitoa mimi, na gari iliporudi imevutwa kwa kamba nilimwambia mbele za watu kwamba hata punda angekumbuka kutia maji. Akaiuza kama vyuma chakavu. Siku hizi anauza vocha za simu karibu na soko, na bado ananisalimia kwa adabu. Ya Rabi nisamehe. Katika hili sina mzaha.

Mchana nimeifunga. Nimemtuma Sylvère kuchota maji ili asione ninachofunga. Esanse ilikuwa imekwisha, nikanyonya kwa mpira kutoka gari yangu, nikameza funda zima. Nimecheua esanse mpaka Magharibi. Khadidja kasema nisikae karibu na jiko.

Tumepanda. Kona ya tatu, sindano katikati. Ya nne, katikati. Mama wa avoka alisimama na bidoni lake, tukampita. Nadhani aliumia kidogo. Tumefika mpaka geti la binti wa Hajati, tumezima, tumesubiri, hakuna hata tone la mvuke. Sylvère alicheka mpaka akajifuta macho. Halafu akauliza, sauti ndogo, kama nitamwambia Hajati si yeye. Nikasema nitamwambia.

Nitamwambia nini? Hajati hapokei neno bila kipande. Ndivyo wateja wa hapa walivyo, na ndivyo tulivyowafundisha kwa wizi wetu: fundi akisema kabadilisha kitu, lazima alete kile cha zamani, mwenye gari akishike, akigeuze, aridhike. Na mimi cha zamani sina. Palikuwa patupu. Nikisema palikuwa patupu, atauliza nani alipaacha patupu, na ndani ya saa moja Buyenzi nzima itajua kuwa sikio la Thabit ni la kuwekea kalamu.

Lakini nina debe. Nimerudi garaji nikapekua. Zimo kama sitini hivi, nyingine sikumbuki ni za nani. Nimechagua moja yenye kutu nzuri.

Ijumaa, 10 Oktoba

Niko Kibenga, sebuleni kwa Hajati. Naandika hapahapa, daftari juu ya goti. Swala imekwisha, Zayd yuko njiani. Hajati ameingia ndani kutafuta kitenge ampe Sylvère ampelekee mkewe. Zawadi ya kuagana. Ndiyo — ya kuagana. Nimeharibu zaidi.

Nieleze upesi. Nilikuwa na mpango. Nilimwambia Hajati gari imepona, dereva hana kosa, kuna kipande tu kilikufa chenyewe. Nikaitoa mfukoni ile kalorstati ya debeni. Hajati akavaa miwani, akaishika, akaigeuza, akaniuliza ilikufa lini. Nikasema tangu mwezi wa nane hivi, nikajiona mjanja. Akavua miwani.

"Miezi miwili," akasema. "Kitu kimekufa ndani ya gari, na Sylvère anaipandisha mlima kila siku, na mimi nimekaa nyuma."

Sikuwa nimefikiria hapo. Wallahi sikuwa nimefikiria. Nimeubeba uongo kutoka Buyenzi mpaka huku nimwokoe nao mtu, nikamfunga nao kamba ya pili. Ningesema palepale. Kinywa kilikuwa wazi kabisa. Nikakitia chai.

Akamwita Sylvère, aliyekuwa nje anafuta vioo. Akamwambia fundi amefanya kazi nzuri. Akamwambia yeye hana chuki naye, miaka tisa si kidogo, lakini roho yake haitulii tena kwenye gari. Sylvère akasema ndiyo, Hajati. Akauweka ufunguo mezani. Hajati akamwambia akae, asiondoke mikono mitupu, akaingia ndani.

Sasa tuko wawili, meza katikati yetu, ufunguo juu ya meza. Nimetoa daftari ili nisimtazame usoni. Anadhani naandika mambo ya gari. Sijui mtoto yule asiyeota meno anaitwa nani. Miaka yote hii sijawahi kuuliza.

Ameniambia kitu sasa hivi. Hakunigeukia, alikuwa anatazama dirishani.

"Muze, usiumie roho. Ile kitu uliitoa we mwenyewe, siku gari ilifika. Mi ndo nilikushikia taa. Lakini we ni mukubwa. Siwezi kukusema."

Alijua! Nimemuuliza tangu lini. Kasema jana, nilimtuma maji na ndoo ilikuwa imejaa. Akachungulia, akaona ninachofunga, akakumbuka siku ile ya taa.

Tangu jana mchana. Alikuwa na usiku mzima na asubuhi nzima ya kunisema, kwa Hajati, kwa Akilimali, kwa yeyote. Leo kanipokea getini, kanishikia mlango, kaniuliza nyumbani hawajambo. Mimi mkubwa nilimwaibisha mbele ya watu sita, na yeye ananisitiri mbele ya mmoja, kwa gharama ya watoto wanne. Naona aibu. Basi, nimeandika: naona aibu. Haikuniua.

Nimemwambia, Sylvère, kaa. Kasema apana, Muze, wacha ipite.

Honi getini. Huyo ni Zayd. Sylvère ameinuka kwenda kumfungulia — hata hilo anakwenda kufanya yeye! Na ndara za Hajati nazisikia kwenye korido.

Nimeuchukua ufunguo mezani nikautia mfukoni kwangu. Sijui neno la kwanza litakuwa lipi. Lakini sasa atakayeutaka itabidi aniulize mimi.

Hajati ameingia, kitenge mkononi. Anaangalia meza. Ananiangalia mimi.